Manyoya Marefu kwa Farasi Mzee si Uzee Tu: Ugonjwa wa Cushing kwa Lugha Nyepesi

Ikizunguka mitandaoni picha ya farasi mzee mwenye manyoya marefu yaliyojisokota, mgongo uliobonyea na tumbo linaloning'inia, lawama hazichelewi. Huyu atasema mwenye farasi hamlishi. Yule atasema ni minyoo. Mwingine atasema farasi amekula chumvi nyingi, siku zake zimewadia, aachwe apumzike. Na hata miongoni mwa watu wanaoshinda na farasi kutwa nzima wapo wanaoamini kwamba hicho ni "kisukari cha farasi", na kwamba akilala banda moja na wenzake atawaambukiza.

Maelezo hayo yana chembe ya ukweli hapa na pale, isipokuwa la kuambukiza, ambalo halina ukweli wowote. Mara nyingi kinachoonekana kwenye picha ya namna hiyo ni ugonjwa wa homoni uitwao Cushing. Hauna tiba ya kuumaliza, lakini unatunzika, na farasi anaweza kuishi nao miaka kadhaa akiwa na raha, akitembea, hata akipandwa. Anayeweza kuugundua mapema kuliko wote ni saisi, kwa sababu ndiye anayemsugua farasi kila asubuhi na kuinua kila ukwato wake. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa elimu ya ugonjwa huu kubaki kwa madaktari na wenye mali peke yao.

Jambo hili linatuhusu. Tuna farasi wa mbio pale Ngong jijini Nairobi, wa mashule ya kupanda farasi hukohuko Karen na Lang'ata, wa polisi Kenya na Tanzania, na wa safari za watalii. Tuna pia ndugu zetu walioajiriwa kwenye mazizi ya Ghuba. Farasi wa mbio huacha mbio akiwa bado kijana, kisha akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 25 au 30. Uchunguzi uliofanywa Queensland, Australia, kwa farasi wa miaka 15 na kuendelea ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya watano ana ugonjwa huu. Chini ya miaka 10 ni nadra kuuona.

Kilichoharibika ni nini hasa

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia kwenye damu na kwenda kuviamuru viungo vilivyo mbali: kua, toa jasho, hifadhi mafuta, ota manyoya. Chini ya ubongo wa farasi kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo hutoa homoni nyingi za namna hiyo. Ugonjwa huu unahusu sehemu ya katikati ya tezi hiyo.

Sehemu hiyo haijiendeshi yenyewe. Neva zinazotoka kwenye ubongo huimwagia kemikali iitwayo dopamini, na kazi ya dopamini hapo ni kuizuia isizidishe. Chukua mfano wa tangi la maji lililo juu ya paa. Ndani yake mna boya; maji yakijaa, boya hupanda na kufunga njia. Mkono wa boya ukioza, maji yanaendelea kuingia, tangi linafurika, ukuta unaloa na rangi inabambuka vyumbani. Ukiita fundi wa rangi atapaka, na baada ya wiki rangi itabambuka tena, kwa sababu ubovu uko juu ya paa. Dopamini ndiyo boya. Kwa baadhi ya farasi, umri unapokwenda, neva zinazoitoa huharibika na kufa kidogo kidogo. Tezi ikikosa wa kuizuia inamwaga homoni kupita kiasi, na kadiri miaka inavyosonga yenyewe inavimba.

Mojawapo ya homoni zinazofurika ni ile iitwayo ACTH, ambayo huziamuru tezi zilizo karibu na figo kutoa homoni nyingine iitwayo kotisoli. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani ukipima kotisoli utaupata ugonjwa, lakini farasi mgonjwa anaweza kuwa na kotisoli ya kawaida kabisa. Kinachopimwa ni ACTH.

Jina lenyewe linatokana na Harvey Cushing, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, aliyeandika mwaka 1932 juu ya ugonjwa wa tezi hiyo kwa binadamu. Madaktari wa mifugo waliliazima, ingawa kwa binadamu tatizo hutokea sehemu nyingine ya tezi na tiba yake ni tofauti. Siku hizi kwenye cheti cha maabara utakuta herufi PPID. Ni ugonjwa uleule.

Magonjwa mawili yanayochanganywa

Ukielewa sehemu hii, mengine yote yatakaa sawa.

Kuna tatizo la pili, ambalo ni la insulini. Insulini ni homoni ya kongosho inayoondoa sukari kwenye damu baada ya kula. Kwa baadhi ya farasi, wazee kwa vijana, mwili hutoa insulini nyingi mno kila wanapokula vyakula vyenye sukari na wanga. Sukari kwenye damu mara nyingi hubaki ya kawaida, kwa hiyo si kisukari kama tunavyokijua kwa watu, na dawa yake si sindano za insulini. Kibaya ni insulini yenyewe ikizidi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba farasi wadogo wa aina ya poni, waliokuwa wazima kabisa, wakimwagiwa insulini nyingi kwenye damu kwa muda mrefu hupata laminaitisi, ule ugonjwa wa kwato unaowalemaza farasi.

Farasi anaweza kuwa na Cushing bila tatizo la insulini. Anaweza kuwa na tatizo la insulini bila Cushing. Huyo mara nyingi ni mnene, mwenye mkusanyiko wa mafuta shingoni. Na anaweza kuwa na yote mawili, na huyo ndiye wa kuangaliwa kwa macho manne. Dawa hushughulika na Cushing, na chakula hushughulika na insulini. Nimeona watu wakinunua dawa ghali huku ndoo ya molasi iko palepale mlangoni mwa banda. Nimeona pia farasi aliyekonda akinyimwa chakula kwa sababu mtu alisikia kwamba farasi wa Cushing hapaswi kula. Wote wawili walikuwa na nia njema, na wote wawili walikuwa wakiutibu ugonjwa usiokuwepo.

Dalili, na kile kinachofanana nazo

Dalili inayojulikana zaidi ni manyoya: marefu, mazito, wakati mwingine yamejikunja, na hayapukutiki. Lakini hiyo huja ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Mapema zaidi utaona mambo madogo. Farasi anachelewa kupukutisha manyoya kuliko wenzake wa banda moja, au yanabaki mabaka ya manyoya marefu chini ya taya na nyuma ya miguu. Nyama za mgongoni zinapungua, tandiko lililokuwa likimkaa vizuri sasa linayumba. Anakuwa mpole ghafla, na watu wanafurahi kwamba ametulia. Jeraha dogo linachukua wiki nyingi kupona. Usaha ndani ya ukwato unarudi tena na tena. Anakunywa maji mengi na sakafu ya banda inaloa kila asubuhi.

Tazama pia juu ya jicho. Farasi mzee wa kawaida ana kishimo hapo, na kila mwaka kinazidi kuzama. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Cushing kishimo hicho hujaa mafuta na kutuna, jambo linaloshangaza kwa mnyama ambaye mbavu zake zinahesabika.

Hata hivyo, kwetu huku farasi aliyekonda ana sababu nyingi za kukonda, na itakuwa ujinga kurukia homoni. Yaanze meno, maana farasi mzee aliyepoteza magego hutema madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, na madonge hayo utayakuta chini ya hori. Ifuate minyoo, kisha magonjwa ya kupe na ndorobo, ambayo huja na homa na ufizi uliopauka.

Lipo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Farasi wengi wa nyanda za juu hula majani ya kikuyu, yale yanayotambaa viwanjani. Majani hayo yana oksaleti, kemikali inayoifunga kalsiamu isiingie mwilini. Ongeza hapo pumba, ambazo zina fosforasi nyingi, na farasi ataanza kunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Uso unavimba pande zote mbili chini ya macho, na anachechemea miguu isiyoeleweka. Huo nao ni ugonjwa wa homoni, ila wa tezi nyingine iliyo shingoni, na unarekebishika kwa kubadilisha malisho na kuongeza kalsiamu. Uso uliovimba na kishimo kilichojaa mafuta ni vitu viwili tofauti. Uguse kwa mkono: mfupa ni mgumu, mafuta yanabonyea.

Kipimo

Daktari huchukua damu ya kupima ACTH kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Damu hiyo haivumilii joto. Ikiachwa kwenye dashibodi ya gari kutoka banda hadi maabara, majibu hayana maana. Mwenye farasi aandae kisanduku cha barafu kabla daktari hajafika, na farasi apimwe akiwa ametulia, si akiwa ametoka safari au ana maumivu makali. Majibu yakiwa kati na kati, kipo kipimo cha pili: farasi hudungwa homoni iitwayo TRH, kisha damu huchukuliwa tena baada ya dakika 10.

Ulaya na Marekani ACTH hupanda kwa farasi wote, hata wazima, kuelekea majira ya baridi siku zinapofupika, kwa hiyo maabara za huko huweka viwango tofauti kwa kila mwezi. Nairobi tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki robo saa. Kuchukua jedwali la Uingereza la mwezi wa Septemba na kulibandika juu ya farasi wa Lang'ata hakumtendei haki. Hapa daktari huyapima majibu pamoja na dalili anazoziona. Mwombe apime na insulini siku hiyohiyo, farasi akiwa amekula nyasi kavu tu, bila nafaka.

Dawa

Dawa inayotumika inaitwa pergolidi. Ilianza kama dawa ya binadamu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ambao nao unatokana na upungufu wa dopamini, ila sehemu nyingine ya ubongo. Mwaka 2007 iliondolewa sokoni Marekani kwa binadamu kwa sababu ya madhara kwenye vali za moyo, na mwaka 2011 nchi hiyohiyo iliidhinisha aina yake kwa ajili ya farasi. Pergolidi hufanya kazi ya dopamini iliyokosekana. Haiziponyi neva zilizokufa. Ni kijiti cha kulishikilia boya, na kila asubuhi inabidi kirudishwe. Ndiyo maana ni dawa ya kila siku, ya maisha yote.

Farasi wa kilo 500 kwa kawaida huanzishiwa miligramu 1 kwa siku. Baada ya wiki nne hadi nane damu hupimwa tena na daktari hurekebisha. Uchangamfu hurudi kwanza, pengine ndani ya wiki chache. Manyoya na nyama za mgongo huchukua miezi. Siku za mwanzo wengine hupoteza hamu ya kula. Hapo mpigie daktari, kwani mara nyingi hupunguza dozi kisha akaipandisha polepole.

Kwa saisi, usiisage tembe hiyo. Vumbi lake si la kuvuta puani, na dawa inaweza kumdhuru mjamzito na kumpunguzia maziwa anayenyonyesha. Iloweshe kwa maji kidogo ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, mpe mdomoni, au ifiche kwenye konzi ya majani ya alfalfa yenye unyevu na usimame hapo hadi uone amemeza. Farasi ni fundi wa kutema. Tembe ikidondoka, iokote kabla mbwa hajaifikia, kisha nawa mikono.

Chakula

Swali la kwanza ni kama insulini iko juu au la. Kama iko juu, ondoa molasi, unga na mahindi, shayiri, na mchanganyiko wowote wa dukani wenye harufu tamu. Ondoa pia karoti na maganda ya maembe tunayompa kwa mapenzi. Mkate usiingie bandani. Chakula chake kiwe nyasi kavu, na hapa tuna bahati: nyasi za Boma Rhodes zinazouzwa kwa marobota kwa kawaida hazina sukari nyingi kama zile za nchi za baridi, na oksaleti zake ni kidogo. Farasi mnene apewe kilo moja na nusu ya nyasi kavu kwa kila kilo 100 za mwili wake kwa siku, zikigawanywa mara nyingi. Kuziloweka kwenye maji baridi nusu saa hadi saa moja hupunguza sukari zaidi. Maji hayo yamwagwe, farasi asiyanywe. Pwani usizidishe muda, kwa sababu joto huzichachusha haraka.

Aliyekonda na insulini yake iko sawa anahitaji kinyume chake. Huyo ale nyasi kavu kadiri atakavyo, na alfalfa iliyoloweshwa ikalainika kwa ajili ya meno yake. Apate protini nzuri ya kujenga nyama, na mafuta ya kupikia kidogo kidogo, yakiongezwa taratibu ili asiharishe. Aliyekonda na insulini yake iko juu ndiye mgumu kuliko wote, na mpango wake uandikwe na daktari.

Maji yawepo muda wote. Nimesikia ushauri wa kupunguza maji ili banda lisiloe. Huo ni ukatili, hata kama anayetoa hakukusudia. Anakunywa kwa sababu mwili wake unapoteza maji.

Kwato

Cushing yenyewe haiui upesi. Kinachowaua farasi hawa ni laminaitisi. Ndani ya ukwato mna mfupa unaoshikiliwa na tabaka laini lililoufunga kwenye ukuta wa ukwato. Tabaka hilo likilegea, mfupa unapinda au kuzama, na uzito wote wa farasi unaukandamiza kuelekea chini. Maumivu yake hayaelezeki.

Saisi anaweza kuigundua laminaitisi mapema kwa vidole vyake. Chuchumaa kando ya mguu wa mbele, usipige goti, ili uweze kuruka pembeni akishtuka. Teremsha vidole viwili hadi nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, upande wa nje. Utahisi kamba laini inayoteleza chini ya ngozi. Humo umo mshipa wa damu. Bonyeza kidogo na utulie. Kwa farasi mzima mpigo ni hafifu, pengine utautafuta usiupate. Siku utakayohisi unagonga vidole vyako waziwazi, na ukwato umepata joto, usingoje achechemee. Jifunze kufanya hivyo kila siku akiwa mzima, ili siku ya hatari mkono wako uijue tofauti.

Akisimama ametanguliza miguu ya mbele na kuegemea nyuma, au akikataa kugeuka, usimtembeze hata kidogo. Mwekee maranda mengi chini, ondoa chakula chote isipokuwa nyasi kavu, umwite daktari. Mwambie pia kama farasi alidungwa dawa ya kupunguza uvimbe ya jamii ya kotisoni hivi karibuni. Zaidi ya hapo, fundi wa kwato aje kila baada ya wiki sita hivi, hata kama farasi hapandwi tena.

Mengine ni ya kawaida, ila kwa farasi huyu hayasamehe uzembe. Meno yaangaliwe mara mbili kwa mwaka. Kinyesi kipimwe mayai ya minyoo, maana kinga yake ni dhaifu. Chanjo za pepopunda na ugonjwa wa farasi wa Afrika ziendelee. Manyoya yanyolewe kwa mashine, hasa Mombasa na Dar es Salaam, ambako mnyama aliyevaa koti hilo anateseka hata kabla jua halijachomoza.

Punda nao hupata Cushing, na Lamu, ambako punda huzeeka kazini, hili lijulikane. Viwango vyao vya damu si vya farasi. Punda huficha maumivu hadi dakika ya mwisho, na punda mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta hufurika kwenye damu na anaweza kufa kwa siku chache. Apunguziwe polepole.

Wapo wasioweza kumudu dawa ya kila siku, na hilo si la kuonea aibu. Kunyoa, kuchonga kwato, kuangalia meno na kutoa molasi bandani kunabadilisha maisha ya farasi hata bila tembe moja. Lakini laminaitisi ikirudi mara kwa mara, akawa analala muda mwingi kuliko kusimama na dawa za maumivu hazimfikii, daktari atakuambia kwamba umefika wakati wa kumpumzisha. Zungumza naye mapema, farasi akiwa bado anakula na kutembea, mkubaliane ni dalili zipi mtakazozihesabu kuwa mwisho, na saisi wake awepo kwenye mazungumzo hayo.